Nani Analipa Gharama? Wanaume, Wanawake na Hukumu ya Riwaya ya Kiswahili

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari wa Kanda ya Ziwa anayesimamia klabu ya usomaji ya wasichana na wavulana wa kidato cha tatu na cha nne. Anaandika: «Tumemaliza kusoma Rosa Mistika, na mimi mwenyewe nikaendelea na Kichwamaji. Klabu imegawanyika. Wasichana kadhaa wanasema Kezilahabi anawadharau wanawake, kwa sababu mwanamke katika vitabu hivi ama anapigwa, ama anachezewa, ama anakufa. Wavulana wanasema anawatetea, kwa sababu wanaume aliowachora ni waovu na hakuwaficha. Nitajuaje kama riwaya inalaani tabia ya wanaume wake au inaifurahia? Na je, vitabu hivi vinawafaa vijana wa umri huu?»

Ndugu Mwalimu,

Pande zote mbili za klabu yako zinahesabu matendo ya wahusika, na matendo peke yake hayatoshi kuamua shauri hili. Riwaya inaweza kuwa na vipigo katika kila sura na bado ikawa shtaka kali dhidi ya mpigaji, na nyingine isiwe na kofi hata moja lakini dharau kwa wanawake ikawa imejaa katika kila maelezo yake. Ninachokushauri utazame ni mambo mawili ambayo wanafunzi wetu hawafundishwi sana kuyatazama wanapojibu maswali ya usawiri wa wahusika: kwanza, ni macho ya nani yanayotuonyesha wanawake wa hadithi, pili, hadithi inapofika mwisho, gharama ya makosa yaliyotendwa inalipwa na nani. Nikivipima vitabu ulivyovitaja kwa mambo hayo, naona kwamba Kezilahabi alimjua mwanamume wa zama zake kwa undani ambao waandishi wachache wa Kiswahili waliufikia kabla yake, na hakumwonea haya, lakini deni la mwanamume huyo aliendelea kumdai mwanamke. Wasichana wako wameligusa jambo hilo hata kama sababu waliyoitoa si sahihi.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akasoma seminari, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambako baadaye alifundisha. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, ikazua zogo, ikazuiwa shuleni kwa muda kwa kuonekana inasema wazi mno mambo ya mwili, kisha ikarudi na kuwa miongoni mwa vitabu vinavyosomwa sana na wanafunzi wa Tanzania. Mwaka huohuo wa 1971 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa, na kifungu chake cha 66 kilitamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kipigo, hata kama mila ingesema vinginevyo. Lakini sheria hiyohiyo iliweka umri wa chini wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana, tofauti ambayo Mahakama Kuu iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Sitaki kusema kwamba riwaya ilinakili sheria au sheria ilinakili riwaya. Nasema tu kwamba maandishi haya mawili ya mwaka mmoja yana mpasuko unaofanana: yanauona ukatili wa mwanamume waziwazi, na wakati huohuo yanaendelea kumpima mwanamke kwa kipimo tofauti na cha mwanamume.

Tuanze na Zakaria, baba yake Rosa. Zamani alikuwa mwalimu, sasa ni mlevi, mkewe Regina ndiye anayeibeba nyumba, na mamlaka pekee aliyobaki nayo ni mkono wake. Mwanzoni mwa riwaya anagundua kwamba binti yake ameandikiwa barua na kijana Charles, naye anampiga kwa ukali usiolingana kabisa na kosa, kama kosa lipo. Ukisoma sehemu hii pamoja na wanafunzi, waulize Zakaria analinda nini. Halindi usalama wa Rosa, kwa sababu anayemuumiza ni yeye. Analinda jina lake katika kijiji ambacho jina hilo limekwisha kuharibika kwa ulevi wake mwenyewe. Hapa mwandishi amefanya kazi nzuri sana: ametuonyesha kwamba ukali wa baba kwa binti mara nyingi ni njia ya mtu aliyeshindwa kila mahali kupata mahali pamoja pa kushinda, na hakuhitaji kutuhubiria ili tuelewe.

Baada ya kipigo hicho Rosa anawaogopa wavulana, na hofu hiyo inasifiwa na watu kana kwamba ni adabu. Kisha anakwenda shule ya bweni, hofu inavunjika, na wanaume wanaofuatana katika maisha yake ni wa aina nyingine: Deogratias, mwenye kazi na fedha, ambaye amezoea kuwapata wasichana, kisha, chuoni, mkuu wa chuo cha ualimu ambaye alipaswa kuwa mlezi wake. Angalia mpango wa mwandishi. Baba ana mamlaka ya nyumba, Deogratias ana mamlaka ya mshahara, mkuu wa chuo ana mamlaka ya ofisi. Vijana wengi wakiulizwa kuhusu mfumo dume katika riwaya hii hutaja kipigo cha Zakaria na kuishia hapo, ilhali kitabu kinaonyesha ngazi nzima, na mtu wa juu kabisa katika ngazi hiyo hahitaji kupiga kwa sababu ana vyeti vya wasichana mkononi. Nadhani hii ndiyo sehemu iliyowakera zaidi wakubwa wa elimu wa wakati ule, ingawa walichokilalamikia kwa sauti ni lugha ya kitandani.

Mpaka hapo wavulana wako wana hoja. Shida inaanza na Charles.

Charles ndiye mwanamume mwema wa kitabu. Ndiye aliyeandika ile barua, amempenda Rosa tangu utotoni, na anaporudi katika maisha yake msomaji anatumaini kwamba sasa kuna mtu wa kumpokea. Anapogundua kwamba Rosa si bikira, anamwacha, na Rosa anajiua. Sifikirii kwamba kuna tukio lingine katika riwaya za Kiswahili za miaka hiyo linaloonyesha kwa uwazi zaidi jinsi mwanamume asiye mkatili, asiyelewa, asiyempiga mtu, anavyoweza kuwa mkono wa mwisho wa ukatili ulioanzishwa na wengine. Zakaria alimpa Rosa hofu, Deogratias na mkuu wa chuo wakautumia mwili wake, na Charles akamletea hati ya malipo. Hata jina la binti huyu limechukuliwa kutoka litania ya Bikira Maria, na mwandishi aliyepita seminari hakulichagua kwa bahati.

Swali gumu ni hili: je, kitabu kinamhukumu Charles? Zakaria anahukumiwa wazi, kwa sauti ya msimulizi na kwa mwenendo wa hadithi. Charles hapati hukumu ya namna hiyo. Msimulizi wa nafsi ya tatu, ambaye anajua yote na hasiti kutoa maoni yake mahali pengine, hapa hatoi maoni ya kutosha kuhusu kipimo ambacho Charles amekitumia. Hasemi kwamba Charles mwenyewe hakuwahi kuulizwa swali hilo. Ubikira wa Rosa unaendelea kuwa kitu chenye thamani iliyopotea, na kosa linalojadiliwa ni la aliyesababisha upotevu, si la aliyeweka bei. Ndiyo maana nadai kwamba mzigo wa gharama umebaki kwa mwanamke: baba ndiye chanzo, wanaume wenye vyeo ndio watendaji, lakini anayekufa ni Rosa, na kifo chake kinasomeka kama mwisho ambao hadithi yenyewe haikuona njia ya kuukwepa. Mwandishi aliweza kumwonea huruma mwanamke aliyeanguka, ila hakuweza bado kumfikiria akiwa hai mwaka mmoja baadaye, amepata kazi ya kufundisha, amelipa kodi ya nyumba, na amemsahau Charles.

Kwa haki ya mwandishi lazima niseme kwamba maisha yenyewe hayakuwa yamempa mifano mingi. Msichana aliyepata mimba shuleni alifukuzwa, na mwanamume aliyempa mimba, hasa akiwa mtu wa cheo, aliendelea na kazi yake. Hali hiyo ilidumu muda mrefu sana. Ni Novemba 2021 tu ambapo serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wasichana wanaojifungua wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Mtunzi wa mwaka 1971 aliyetaka kuandika kweli angeandika kufukuzwa. Ila kuandika kwamba jambo hutokea ni tofauti na kulifanya lionekane halina budi kutokea, na tofauti hiyo ndiyo unayotakiwa kuwafundisha vijana wako kuinusa.

Kichwamaji, iliyochapishwa mwaka 1974, inataka usomaji wa namna nyingine kabisa, na kuchanganya namna hizi mbili ndiko kunakowafanya wasomaji wengi wamtuhumu mwandishi kwa maneno ya mhusika wake. Hapa anayesimulia ni Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, mwenye akili, kiburi na kukata tamaa, na kila tunachokijua kuhusu wanawake wa hadithi kimepita katika kichwa chake. Manase, rafiki yake wa zamani ambaye sasa ni mkuu wa wilaya, amempa mimba Rukia, dada mdogo wa Kazimoto. Rukia anakufa. Kazimoto anataka kulipiza kisasi, na kisasi anachokibuni ni kumwendea Sabina, dada yake Manase. Mwishowe anamwoa. Rukia na Sabina wanapita kati ya wanaume hawa wawili kama noti zinazolipia deni ambalo wao hawakulikopa.

Waambie wanafunzi wako watafute katika kitabu kizima mahali ambapo Kazimoto anajiuliza Sabina anataka nini. Watapata kidogo sana. Je, huo ni upofu wa mwandishi? Mimi nasema ni upofu wa Kazimoto, na ushahidi wangu uko katika mwenendo wa hadithi, ambao unajua zaidi kuliko msimulizi wake. Kazimoto anajiona mtu aliyewazidi wote kwa kufikiri. Hadithi inamwonyesha akitenda jambo lilelile analomchukia Manase kwa kulitenda. Manase anapata mtoto mwenye kichwa kikubwa kisicho cha kawaida, na sababu ni ugonjwa wa zinaa ambao baba aliubeba kutoka katika starehe zake; Kazimoto anaangalia, anaelewa, kisha mtoto wake mwenyewe na Sabina anapatikana na hali hiyohiyo, na Kazimoto anajiua. Safari hii hukumu imemfikia mwanamume, tena kwa mkono wake mwenyewe. Msimulizi anayedharau wanawake ameachwa azungumze mpaka ajihukumu, na mbinu hiyo ya nafsi ya kwanza ni kali kuliko maoni yoyote ambayo msimulizi wa nje angeyatoa.

Na bado sijaridhika kabisa. Sabina amezaa mtoto huyo, Sabina ameambukizwa, Sabina amebaki mjane, na riwaya inakwisha bila kumpa sauti, kwa sababu msimulizi amekufa na fikra zake. Unaweza kusema kwamba hii ndiyo bei ya kuchagua nafsi ya kwanza, na ni kweli. Lakini uchaguzi wa nani awe «mimi» wa hadithi ni uamuzi wa mwandishi, na katika riwaya za Kiswahili za miaka ya sabini uamuzi huo ulimwangukia mwanamume karibu kila mara.

Nikiwa hapa niseme neno kuhusu vitabu ambavyo vijana wako pengine wanavisoma bila kuulizwa na mwalimu, yaani riwaya za upelelezi. Aristablus Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, mwaka uleule wa Kichwamaji, na Ben Mtobwa akafuata baadaye na Joram Kiango wake. Ni vitabu vyenye kasi, vilivyowafanya Watanzania wengi wapende kusoma, nami nisingependa vidharauliwe. Ila katika vitabu vya aina hiyo mwanamke mara nyingi anaingia chumbani kwa umbo kabla ya jina, na anayelitazama umbo hilo si mhusika mwenye kasoro ambaye hadithi itamsuta baadaye. Ni shujaa, na msimulizi anakubaliana naye kwa kila neno. Hakuna nafasi kati ya jicho la mhusika na jicho la kitabu. Mimi humwogopa Willy Gamba kuliko Kazimoto, kwa sababu msomaji wa Kazimoto hutoka akiwa na wasiwasi, na msomaji wa Willy Gamba hutoka akitaka kuwa kama yeye.

Yapo mambo ya zamani zaidi yanayofaa kukumbukwa, kwani sura ya mwanamume katika fasihi yetu haikuanzia kwenye riwaya. Katika utendi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913, Liyongo anasifiwa kuwa mwanamume kamili mwenye nguvu za simba, lakini anayemtoa kifungoni ni mama yake, kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, na anayeupeleka mkate huo ni kijakazi. Sifa za ushujaa zimebaki kwa Liyongo. Na Mwana Kupona wa Pate, katika utendi aliomwachia binti yake mwaka 1858, anaitaja radhi ya mume miongoni mwa radhi tano ambazo mwanamke anazihitaji, pamoja na ya Mungu, Mtume, baba na mama. Watu wameunukuu utendi huo kwa vizazi kama sheria ya utii. Lakini soma anavyomweleza binti yake namna ya kumtunza mume: amtunze kama mtoto asiyejua bado kusema. Sijui mwanamume gani aliyesoma ubeti huo kwa makini akaendelea kujivuna. Wataalamu wamebishana kama kuna kejeli ndani yake. Mimi naiona, na naiona kuwa ya mama mwenye akili aliyekuwa anajua kwamba utendi wake utasomwa na wanaume pia.

Kwa klabu yako, kitabu cha kukiweka ubavuni mwa Rosa Mistika ni Utengano ya Said Ahmed Mohamed, mwandishi aliyezaliwa Pemba mwaka 1947. Ilitoka mwaka 1980, na wanafunzi wa Kenya wanaijua vizuri kwa kuwa ilipata kuwa kitabu cha mtihani huko, ambako walimu husema «taasubi ya kiume» pale ambapo sisi Tanzania tunasema «mfumo dume». Bwana Maksuudi ni mtu wa heshima mjini, anataka kura za watu, na nyumbani amewafungia mkewe Tamima na binti yake Maimuna wasionekane hata dirishani. Nje ana hawara, Kazija, na Mussa, mwana wa Maksuudi, naye ana uhusiano na Kazija huyohuyo bila baba na mwana kujuana. Huko nyuma Maksuudi aliwahi kumwoa Mwanasururu, akamla mali yake na kumtupa, na mama yake Mwanasururu, Bi Farashuu, hakusahau.

Maksuudi na Zakaria wanalinda kitu kimoja, yaani jina, lakini Said Ahmed Mohamed amelitazama jambo hili kwa jicho jingine. Zakaria ni mnyonge anayepiga kwa sababu ameshindwa. Maksuudi anafungia watu kwa sababu ameshinda, na anafahamu kutokana na mwenendo wake mwenyewe wanaume wa mjini wakoje. Kufuli la nyumbani kwake ni ungamo. Mwanamume anayewachunga wanawake wake kwa wivu wa namna ile anatoa ushahidi juu ya yale anayowatendea wanawake wa wengine, na riwaya inauthibitisha ushahidi huo hatua kwa hatua mpaka heshima yake inaanguka.

Maimuna anatoroka kwa msaada wa Bi Farashuu na mjukuu wake Kabi, anapotelea katika maisha ya danguro na pombe, na kwa mpangilio wa zamani wa hadithi za aina hii angepaswa kufa humo. Hafi. Anarudi, na anaolewa na Kabi, mtu anayeijua historia yake yote. Hapo ndipo ninapoona hatua iliyopigwa kati ya mwaka 1971 na 1980: bei ambayo Charles aliitaka haitajwi tena, na mwanamke anaruhusiwa kuwa na yaliyopita kama ambavyo wanaume wa riwaya wamekuwa nayo siku zote. Kuna wasomaji wanaolalamika kwamba ndoa ya mwisho ni suluhisho jepesi, kwamba Maimuna angeweza kusimama bila mume. Lalamiko hilo lina uzito, lakini nalipokea kwa kiasi, kwa sababu kumwacha hai mwanamke wa namna hiyo katika hadithi ya wakati ule kulikuwa ni jambo lenyewe.

Kinachonivutia zaidi katika Utengano ni Bi Farashuu, na sijaona wanafunzi wengi wakimjadili inavyostahili. Amedhulumiwa, ana haki ya kukasirika, na kisasi chake dhidi ya Maksuudi kinampendeza msomaji. Lakini silaha yake ni Maimuna. Amemtoa msichana asiyejua hata njia za mjini, akamwachia dunia immalize, ili baba yake aumie. Hivyo ndivyo Kazimoto alivyomfanyia Sabina. Mwandishi ametuonyesha kwamba desturi ya kumwadhibu mwanamume kupitia binti au dada yake si mali ya wanaume peke yao. Ni desturi ya jamii inayomhesabu mwanamke kuwa heshima ya mwenye nyumba, na mwanamke mwenye uchungu anaweza kuitumia kwa ustadi uleule. Wavulana wako wakisikia hoja hii watafurahi kwamba lawama imehama, kwa hiyo uwe tayari kuwarudisha kwenye swali la nani alimfundisha Bi Farashuu kwamba njia ya kumuumiza Maksuudi ni kumharibia binti.

Umeuliza pembeni kwa nini waandishi wetu hawachori wanaume wema. Wamewachora, ila wema wao ni wa aina mbili zinazotofautiana sana. Katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976, Rehema amekataliwa na baba yake Fuad, na anayempokea ni Sulubu, mkulima, ambaye wema wake unaonekana katika jembe na katika kumpokea mke bila kumdai maelezo. Katika Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozwa kwake na kukutana na Denge, mpigania uhuru, jasiri na mkarimu, ambaye hata hivyo mapambano yake daima yanakuja kwanza na Yasmin anabaki kungoja. Denge si mbaya hata kidogo. Ila ningependa wanafunzi wajiulize kwa nini ushujaa wa mwanamume katika hadithi za uhuru unapimwa kwa uwezo wake wa kuondoka nyumbani, na nani anabaki kulea.

Tamthilia nayo isisahauliwe. Katika Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyochapishwa mwaka 1982, wanawake wa kijiji cha Patata, ambao wengi wao wametajwa kwa namba, Bi Moja, Bi Pili na kuendelea, wanajaribu kuisimamisha nguzo na inawashinda. Wanaume wako pembeni ya jukwaa, lakini kazi za nyumbani, wivu na amri zao zimo katika kila mkono unaoiachia nguzo. Mwandishi mwanamke hakuona haja ya kumfanya mwanamume zimwi. Alionyesha tu muda wa wanawake unavyokwisha.

Sasa kuhusu umri. Rosa Mistika inawafaa kidato cha tatu na cha nne, mradi usiwaache waisome kama onyo kwa wasichana peke yao, kama ilivyozoeleka kufundishwa: «Rosa hakusikia, Rosa akafa.» Usomaji huo unamrudishia Charles mizani yake. Kichwamaji ningeiweka mpaka kidato cha tano na cha sita, si kwa sababu ya yaliyomo bali kwa sababu msomaji mchanga bado ana shida ya kumtenganisha msimulizi na mwandishi, na akishindwa hapo ataondoka na maneno ya Kazimoto kana kwamba ni hekima. Kwa mwaka huu waletee Utengano baada ya Rosa Mistika, na kwa kipindi cha kwanza kaa na maswali mawili tu. Waandike ukurasa mmoja ambao Charles anaulizwa na Regina, mama yake Rosa, kuhusu yaliyopita ya Charles mwenyewe, kisha wausome kwa sauti, wasichana wakisoma sehemu ya Charles na wavulana sehemu ya Regina. Halafu waulize Kabi amejifunza wapi kutouliza, na wakatafute jibu ndani ya kitabu, kwa kutaja kurasa.